Bakuli Lililokauka

Mama yangu,

Assalaam aleykum. Goti limepunguza kuuma? Na ule ukuta wa jikoni, mvua imeuacha salama? Mimi na mjukuu wako tupo, ila baridi ya Minneapolis inatutafuna. Kwenye simu uliniuliza mbona nimepooza, nikakwepa. Nakuandikia kwa sababu nikiyasema haya nitalia, na mtoto atasikia.

Unamkumbuka Mzee Kenji, yule Mjapani wa Maplewood ninayemhudumia nyumbani kwake? Moyo wake umechoka, anaishi kwa dawa. Kwao alikuwa fundi wa vyombo vya mbao vinavyopakwa utomvu wa mti wao, tabaka juu ya tabaka, mpaka ving'ae. Alibakiza bakuli moja ambalo hajalimaliza. Nilipoushika ule utomvu mara ya kwanza, mikono ilivimba na kubabuka kama yako ulipokuwa ukibangua korosho. Nikamsimulia, akacheka mpaka akakohoa: kumbe mti wao na mkorosho ni ndugu!

Tena utomvu huo haukauki kwa joto. Mimi kwa kiherehere changu niliwahi kuliweka bakuli karibu na hita, akanikemea kweli. Unataka unyevu. Bakuli hufungiwa kabatini pamoja na vitambaa vibichi, na kuviloweka kila asubuhi ndiyo kazi yangu.

Mwezi uliopita alipaka tabaka la mwisho. Akaniambia, kwa upole tu, "Somoe, hili likikauka nimemaliza. Dawa sitameza tena." Nikadhani utani. Mama, hakuwa akitania. Nesi wake anasema ni haki yake kukataa.

Basi nikaacha kuloweka vitambaa. Nafungua kabati, najifanya nashughulika, nafunga. Hita inaunguruma kutwa, hewa kavu mpaka midomo inapasuka, na bakuli likabaki linanata. Kila siku ananiuliza, "Tayari?" Namjibu, "Bado, mzee." Ananitazama, kisha analitazama kabati. Najua ulivyotulea, njia ya mwongo ni fupi. Lakini ningefanyaje? Nimemzoea, nampenda kama baba.

Jumamosi na Jumapili nilipumzika. Leo nimefungua kabati, vitambaa vinachuruzika! Sakafuni matone ya maji yametoka bombani hadi kabatini. Mtu ambaye hafiki msalani bila kunishika bega! Nikaligusa bakuli kwa kidole. Halinati. Jeusi, linang'aa, nikauona uso wangu mle ndani.

Nimemkuta ameketi dirishani, kachana nywele. Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Kasema tu, "Kesho nipikie uji, nitaunywea humo." Vidonge vya asubuhi vilikuwa mezani, vyote.

Nisalimie mjomba fundi cherehani, na shangazi wa vitumbua, mwambie namkumbuka kila nikisikia njaa. Dada mdogo asiache shule.

Unga wa uji nimeshaununua, Mama, uko kwenye mkoba wangu. Niombee.

Mwanao,
Somoe