Ukoga wa Vigaeni

Naipingo, Jumatano usiku

Na leo tena fundi ameondoka bila kukwangua hata kigae kimoja.

Nilikuja kutoka Ruangwa kwa ajili ya paa tu. Ukoga umeota juu ya vigae, wa kijani, mnene kama zulia. Unashika maji ya mvua, na maji yanamshukia mama kitandani. Nilisema paa likishakuwa safi narudi kwenye cherehani yangu. Masika yanakaribia kuisha na bado niko hapa. Wateja wangu sokoni sijui sasa wanashonesha kwa nani.

Kila fundi mama anamtafutia kasoro. Wa kwanza mnene, atavunja vigae alivyoezeka marehemu baba. Wa pili ananuka pombe. Wa leo nilimchagua mwenyewe: mwembamba, mpole, anaswali. Alipomaliza tu kupanda ngazi, mama akatoka ndani.

"Shuka, mjukuu wangu. Huko kunateleza, utaanguka."

Akashuka! Nilichemka. "Mama, unataka hilo paa likuangukie?"

Akarudi ndani. Baadaye akanifuata jikoni, akanipokonya ungo, akaanza kuchambua mchele mwenyewe. Akauliza bila kuniangalia:

"Mwanangu, wakishasafisha, utaondoka siku hiyohiyo?"

Jibu nilikuwa nalo tangu siku niliyofika. Nikainama, nikapuliza moto uliokuwa unawaka vizuri tu.

Jioni mvua imenyesha tena. Nimekihamisha kitanda chake, nikakiweka mahali pakavu. Pakavu pamebaki chumbani kwangu tu.