Walicheka Jumamosi, Baba

Baba,

Darasa lako la Kiingereza linaendelea. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kumuulizia Mama. Mama hajambo. Nyumba ya kazini kwako, ile ya reli, tuliirudisha, sasa tuna chumba kimoja Shauri Moyo, na kabati lako lilikataa kupita mlangoni ikabidi tuliuze. Nisamehe kwa kabati. Lakini silo lililonikalisha chini kuandika.

Tulipotoka kukuzika nyumbani, Jumamosi iliyofuata nilienda ukumbi wa kanisa kuwaambia wanafunzi wako wasihangaike kuja tena. Nikawakuta wamekaa kwenye mabenchi, watu wazima wazima, kana kwamba unakaribia kuingia. Mzee Kilonzo, yule mchongaji wa vinyago, alikuwa na vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi. Mutua, dereva wa lori la saruji, akasimama akaniuliza, "Mwalimu, tuanzie wapi?" Mimi, Baba, msichana niliyemaliza shule juzi, naitwa mwalimu na mtu mwenye watoto wanne. Nikachukua chaki.

Ubaoni bado ilikuwapo sentensi yako, kwa mwandiko wako ulionyooka: The accident could easily have been avoided, ajali ingeweza kuepukwa kwa urahisi. Hakuna aliyethubutu kuifuta. Ungejua nilivyoichukia sentensi hiyo! Nimekua nikiisikia. Ulikuwa ukiisema hata ukinyoa ndevu, unaufundisha uso wako mwenyewe kwenye kioo.

Ulieleza vizuri, hapo sikunyimi haki yako. Ulikuwa ukisema kwamba katika Kiswahili herufi moja inatosha: epuka, epukwa, "w" imemaliza kazi. Mwingereza hana "w", kwa hiyo humwita "be" amsaidie, na "be" akikaa baada ya "have" lazima ageuke "been". "Could" hutangulia kwa sababu ndiye mkubwa wa wasaidizi, na "easily" hupenda kuketi papo hapo nyuma yake. Na "have" haigeuki "has" hata ajali ikiwa moja. Yote hayo ninayo kichwani mpaka leo.

Ila ukishaeleza, ulimsimamisha mtu peke yake ukutani aseme, na akikosea alibaki hapo hapo mpaka darasa liishe. Mutua ndiye aliyeumia zaidi. "Could easily avoided," anasema, jasho linamtoka. Anajaribu tena, "Could been easily avoid." Nawe unamwambia, "Bado hujaiva." Kazini kwao nafasi ya msimamizi wa madereva ilitangazwa mara mbili, na mara zote mbili ukamkataza kuomba. Mtu mzima na ndevu zake, akakutii. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nikikusanya daftari, na nilikuona mkatili. Sasa nimelisema.

Nilipopata darasa mkononi, sikumsimamisha mtu ukutani. Nilikata katoni za sabuni, nikaandika kila kipande neno lake, nikawagawia, nikawaambia wajipange wenyewe mbele wawe sentensi. Mutua alipewa "could", akajikweza mbele na kitambi chake. Mzee Kilonzo alipewa "easily" akaenda kusimama mkiani kabisa, wakambishia. Nikasema hapo si kosa, ila mahali alipozoea ni nyuma ya "could". Akaanza safari ya kurudi, akipita watu kwa mabega na kuomba radhi, "Samahani, been. Samahani, have." Alipofika, Mutua akamvuta koti akamwambia, "Kaa hapa kwangu, mzee, na usitoke tena!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Nami nikacheka, Baba. Nguo ya matanga mwilini, nimeshika meza nisianguke, nacheka katika ukumbi wako. Nilipofika nyumbani niliona haya kumtazama Mama.

Lakini Jumamosi nyingine nikarudia. Na ile nafasi ilipotangazwa tena, nikamwambia Mutua aombe. Nilijua ungesema hapana. Labda ndiyo sababu nilisema ndiyo upesi hivyo.

Akaipata. Alikuja na mikate miwili na pakiti ya sukari, akatusimulia jinsi bosi alivyomuuliza habari za ajali moja ya lori, na ulimi wake ukaenda wenyewe na sentensi yako nzima, bila yeye kuutuma. Watu wakampigia makofi. Kisha akaniinamia akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, wacha nikuambie ukweli. Huyo mzee wako angekuwa hai, mimi bado ningekuwa nimesimama hapo kwa ukuta."

Nikaitikia kwa kichwa.

Si kuitikia tu. Nikiwa nimeshika mkate wa yule mtu, kwa kitambo kidogo nilifurahi kwamba haupo. Nimezunguka barua nzima nikitafuta namna ya kuliandika hili kwa upole, sijaipata. Nilifurahi kwamba haupo, Baba yangu mzazi.

Jioni ile nikamsimulia Mama, nikijigamba. Alikuwa anachagua maharagwe. Akaacha. Akaniambia kwamba kabla sijazaliwa uliitwa kwenye mahojiano ya ukarani mkuu, ukaulizwa jambo kwa Kiingereza, sentensi ikakukwama katikati, na wale waliokuhoji wakacheka. Mmoja akafungua mlango akamkariria mpiga chapa wa ofisini yale uliyosema, naye acheke. Ulirudi nyumbani ukatundika koti, hukula. Mwezi uliofuata ukaomba funguo za ukumbi wa kanisa. "Hakutaka mtu mwingine aingie kwa wale watu kabla hajawa tayari," Mama akasema, akarudi kwa maharagwe yake.

Nikaurudisha mkate mezani.

Nina hasira nawe pia, usidhani sina. Miaka yote hiyo ningeambiwa, nisingekaa nyuma ya darasa nikikuwekea kinyongo. Lakini hasira yangu haifiki nusu ya aibu yangu. Ule ulimi wa Mutua ulioenda wenyewe, nani aliufunza? Katoni zangu zilimpa raha, zikamtoa woga. Maneno uliyatia wewe, mwezi baada ya mwezi. Nililijua hilo pale pale, naye akiwa ameniinamia, na ningeweza kumwambia. Nikaona utamu wa kusifiwa, nikanyamaza.

Basi nisikilize. Ukutani sitamsimamisha mtu. Hapo sikubaliani nawe hata sasa. Kucheka tutacheka. Lakini Jumamosi hii, kabla ya kitu chochote, nitamwita Mutua mbele za wenzake nimwambie kwamba nilipoitikia nilikuonea, na kwamba kazi ile aliipata kwako. Habari za wale waliokuhoji sitazitoa. Uliamua kuzificha, zitabaki kwangu na kwa Mama.

Lala salama, Baba. Wewe walikucheka, ukanyamaza nalo mpaka kaburini. Katika ukumbi ule, maadamu chaki iko mkononi mwangu, hatakucheka mtu, na wa kwanza kukatazwa ni mimi.

Binti yako,
Nafula