Jina la Baba Kwenye Mita

Jumatatu, 4 Machi 2019

Anderlecht nzima, hapa Brussels, hakuna kijana anayeongea Kifaransa kama mimi. Wabelgiji wenyewe wakinisikia wanarekebisha chao. Leo nimewauzia jua watu saba kabla ya saa sita mchana, na nje mvua inanyesha. Nani mwingine anaweza? Hakuna. Naandika hivyo hivyo, daftari ni langu.

Ghorofa ya tano nimeimaliza, nimeingia ya sita. Kazi yenyewe ni hii: paneli zimewekwa juu ya paa la bloku yetu, na umeme wake unagawanywa kwa kila nyumba iliyojiandikisha. Si lazima uwe na paneli yako. Jua likikosekana unatumia umeme wa kawaida kama zamani. Kampuni ya umeme ndiyo inayopima nani kapata kiasi gani. Madame Sylvie wa mradi anashika fomu, mimi nagonga milango na kutafsiri. Anasema bila mimi wangemfungulia watatu tu. Mimi nasema wawili.

Depo, kwenye ghala ninakobeba makatoni, wananiita siku tatu kwa wiki. Siku zingine nakaa tu, naangalia dari. Bora milango.

Papa Mbuyi wa ghorofa ya nne, mtu wa Lubumbashi, kanikamata kwenye lifti. "Mutoto, unauzisha jua? Kesho utauzisha na mvua?" Nikamwambia mvua ni zawadi kwa wateja wangu. Kacheka mpaka kapitiliza ghorofa yake. Hajasaini.

Jumatano, 6 Machi

Nyumba kumi na tisa. Papa Mbuyi bado. Anasema kwao jua liliwaka kila siku na hakuna aliyemletea karatasi.

Madame Sylvie kaniuliza kama kwetu tumeshasaini. Nikasema bien sûr, bila shaka.

Hatujasaini.

Jumamosi, 9 Machi

Shida ni ndogo. Mita yetu iko kwa jina la baba, na anayesaini ni mwenye jina.

Baba alirudi Bujumbura miaka minne iliyopita, kwa wiki tatu, kumaliza mambo ya kiwanja cha babu kule Buyenzi. Hali ya nchi ikaharibika. Simu yake iliita kama miezi mitatu hivi, halafu ikawa haipatikani. Hakuna aliyemwona mzima. Hakuna aliyeona kaburi. Naandika haya na sisikii kitu, kama naandika habari za jirani.

Mama hajabadilisha chochote. Kengele ya mlango, jina la baba. Sanduku la barua, jina la baba. Bili zinaandikwa Monsieur, na yeye anazipanga kwenye kabati la vyombo, moja juu ya nyingine, kama vile mwenyewe atakuja kuzikagua.

Leo nimemweleza. Alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia jina lazima liwe lake, la sivyo tutabaki nje, na mimi ndiye ninayesainisha bloku nzima. Nitachekwa mpaka Etterbeek, kazini kwake. Hakuinua macho.

"Basi waandikie kwamba baba yako hayupo."

"Hayupo tu?"

"Kwani yupo?"

Bon. Ruhusa nimepata.

Jumanne, 12 Machi

Fomu ya kubadilisha jina imekwisha. Dakika mbili. Niliijaza chini, kwenye chumba cha mikutano, Madame Sylvie kakaa mbele yangu. Mama akaweka sahihi yake bila hata kuvua koti. Alikuwa anawahi Etterbeek, anakomtunza bibi mmoja wa Kibelgiji asiyeweza kutembea.

Nyumba ishirini na sita pamoja na sisi. Hata Papa Mbuyi kasaini. Anasema amechoka kuona sura yangu mlangoni.

Hakuna zaidi la kuandika.

Alhamisi, 21 Machi

Umeme wa paa umeanza leo. Keki, juisi, hotuba. Mimi nilitafsiri hotuba yote kwa Kiswahili, tena nikaongeza sehemu inayonisifu, maana Madame alikuwa ameisahau.

Papa Mbuyi kanyoosha mkono kama yuko darasani. "Na mimi nikienda kulala muchana, mugao yangu inakuliwa na nani?"

Madame akaanza kueleza kwa mchoro. Mimi nikafupisha: "Na jirani, papa."

"Alors silale tena."

Chumba kizima kilicheka. Mama hakuwepo, alikuwa kazini. Jua lilitoka kwa kama nusu saa. Walinipigia makofi mimi.

Jumanne, 26 Machi

Nimerudi kutoka depo saa kumi jioni. Mlango wetu wazi. Viatu vya watu mpaka kwenye ngazi.

Ndani, wanawake wa Buyenzi wote ninaowajua hapa Brussels, na wengine nisiowajua. Mama chini kwenye mkeka, kavaa nguo nyeupe. Tonton Ramazani, kaka yake mama, akanikumbatia. Tonton hajawahi kunikumbatia, huwa ananipiga kofi la kisogo. Akanipa barua.

Imetoka kampuni ya umeme. Mstari wa kwanza: tunawapa pole kwa kifo cha Monsieur, na jina la baba lote, na la babu. Mstari wa pili: mkataba sasa uko kwa jina la Madame. Chini namba, mhuri, sahihi.

Mama hasomi Kifaransa. Aliona jina la mumewe tu, akampelekea tonton. Tonton alisoma mstari wa kwanza akaishia hapo.

"Wazungu hawaandiki kifo bila kuhakikisha," anawaambia watu. "Hawa wana kompyuta, wana ubalozi. Wamejua kabla yetu."

Wote wakaitikia. Nani atabishana na mhuri?

Basi mama kaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba. Kwa kuwa siku yenyewe haijulikani, tonton kasema wahesabu kuanzia leo. Hitima Ijumaa.

Watu walinishika mkono mmoja mmoja. Pole. Pole sana. Nikasema asante. Asante. Vidole vyao vilikuwa baridi. Hicho ndicho nilichokisikia, ubaridi wa vidole.

Alhamisi, 28 Machi

Mama analala. Ni ajabu, ndiyo maana naandika. Miaka minne nimezoea kusikia ndala zake jikoni kabla ya alfajiri, anakwenda dirishani, anarudi, anakwenda. Sasa akishaswali anajilaza na analala mpaka saa nne. Usingizi wa mtu aliyetua mzigo. Leo alikula wali wote uliokuwa kwenye sahani.

Binti wa yule bibi wa Etterbeek kapiga simu. Anataka kujua mama atarudi lini. Nikamwambia tuna msiba. Akasikitika kweli. Nikamwambia miezi minne na siku kumi. Akasema anaweza kungoja wiki moja, halafu itabidi atafute mwingine, mama yake hawezi kukaa peke yake.

Sijamwambia mama.

Papa Mbuyi kaleta kreti ya soda, kapanda nayo kwa ngazi maana lifti imekufa. "Courage, mutoto. Sasa ni weye papa ya nyumba." Hakunitania. Nilimsubiri anitanie, hakunitania.

Ijumaa, 29 Machi

Hitima. Wamesoma, wamekula, wameomba dua. Jina la baba limetajwa leo kuliko miaka yote minne ukijumlisha.

Tonton kasema tumshukuru Mungu, angalau sasa tuna uhakika.

Niliosha masufuria yote. Hakuna aliyenituma.

Jumapili, 31 Machi

Nimesema.

Nilimvuta tonton kwenye ngazi. Nikamwambia ile barua haikutoka ubalozini wala kwenye kompyuta ya mtu, ilitoka kwangu. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu vya sababu ya kubadilisha jina. Cha kwanza, amehama. Cha pili, wameachana. Cha tatu, décès, yaani kifo. Mimi niliweka alama kwenye cha tatu. Kampuni haikuhakikisha chochote. Iliandika nilichoandika.

"Kwa nini?"

"Lile neno sikulijua. Nilidhani ndiyo hayupo."

"Wewe? Wewe unayetutafsiria sote, mpaka tunaziba masikio?"

"Shule si niliacha, tonton."

Sijawahi kulisema hilo mbele ya mtu. Huwa nasema shule ndiyo iliyoshindwa kunifuata. Akaamini. Aliamini upesi sana, ningependa abishe kidogo. Kofi la kisogo nalo nikalipata, la zamani lile.

Akaingia kwa mama, mimi nikabaki kwenye korido. Nilisikia sauti yake, ya mama sikuisikia. Hakulia. Baadaye mama akaniita, lakini mlango haukufunguliwa.

"Ulikuwa hulijui neno?"

"Sikulijua, mama."

Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniambia chumvi imekwisha: "Mimi ndiye niliyesema hayupo. Ningesema hatujui aliko. Kosa langu."

Jumanne, 2 Aprili

Mama amekunja ile nguo nyeupe, kairudisha kabatini, kaenda Etterbeek na basi la saa moja. Bibi alikuwa bado hajapata mtu. Binti yake kamkumbatia mlangoni kwa ajili ya msiba. Mama hakujua aseme nini kwa Kifaransa, akakumbatiwa tu.

Nilikwenda kwa Madame Sylvie, nikamweleza kosa la kwenye fomu. Aliweka mkono mdomoni. Kasema kurekebisha inawezekana: jina la baba linarudi kwenye mita, lakini basi nyumba yetu inatoka kwenye mgao wa umeme wa paa, mpaka mwenye jina asaini. Au tunajaza fomu mpya kwa jina la mama, kisanduku cha kwanza, amehama.

"Na mahali pa anwani yake mpya?" nikauliza.

"Mnaandika inconnue," akasema. "Haijulikani. Watu wengi wanaandika hivyo."

Nikasema merci. Nikamwuliza mama jioni, fomu zote mbili mezani. Hakuchukua hata muda. Kasema jina la baba lirudi.

Nyumba ishirini na tano.

Tonton kazunguka kwa watu kuwaambia. Wengine wameona haya kwa niaba yetu, wengine wamecheka. Kuna mama mmoja kauliza kama ile hitima inahesabika. Tonton kasema dua haipotei.

Papa Mbuyi kwenye lifti: "Mutoto, uliua papa yako na kalamu ya Bic?" Hatimaye kanitania. Nilicheka. Mdomo ulicheka.

Alhamisi, 4 Aprili

Depo. Makatoni. Barua ya marekebisho imefika, fupi, inaomba radhi kwa usumbufu. Imeandikwa Monsieur. Mama kaiweka kabatini pamoja na zingine, juu kabisa.

Saa kumi na moja alfajiri nilisikia ndala.

Jumapili, 7 Aprili

Jua limewaka tangu asubuhi, la kweli, watu wa bloku wamefungua madirisha. Wanafua, wanapika, redio kila ghorofa. Leo paa linawalisha wote. Friji yetu inanguruma kwa umeme wa kawaida. Ukiisikiliza haina tofauti.

Nimekaa jikoni. Mama kavaa miwani, anashona pindo la koti langu la kazini. Ana kope nzito. Nimemwuliza kama amelala, kasema kidogo.

Wacha niandike, maana hapa hasomi mtu.

Neno nililijua. Nimelijua tangu nina miaka kumi na tatu, nililiona kwenye karatasi za rafiki yangu alipofiwa na mama yake, nikamsomea mimi. Siku ile ya fomu nilianza na kisanduku cha kwanza. Pembeni yake kulikuwa na mstari mrefu wa kuandika anwani mpya. Nikaweka kalamu pale. Bujumbura, nikawaza, halafu wapi? Avenue ipi? Madame Sylvie alikuwa anangoja, ananitabasamia, mimi mtafsiri wake hodari, na mama kasimama na koti lake. Sikutaka waone sijui baba yangu anakaa wapi. Kisanduku cha tatu hakikuwa na mstari. Hakikuuliza kitu. Nikaweka alama, nikageuza karatasi, nikamwonyesha mama mahali pa kusaini.

Sikusikia chochote hata wakati ule. Niliona fomu imekwisha, basi.

Amelia siku tatu kwa sababu yangu, na amelala siku tano kwa sababu yangu, na usingizi ule nimemnyang'anya. Hayo yote pengine ningeyabeba. Lakini Jumapili iliyopita, nyuma ya mlango, alisema kosa ni lake. Jana kamwambia tonton tena, mbele yangu: "Mimi ndiye niliyemwambia mtoto hayupo." Tonton akatikisa kichwa. Mimi nilikuwa nakunywa chai.

Nimemwacha aseme.