Chungu nilichokiosha

Kibiti, Jumatano, 14 Mei

Nilikiosha chungu cha togwa, uji wetu mchachu, kwa sabuni na maji ya moto, nikajiona msafi. Sikujua kwamba mabaki ya togwa ya jana ndiyo yanayoichachusha ya leo.

Basi ya leo imekaa tangu alfajiri kwenye joto bila kuchacha, na saa saba mchana nikamnywesha Zuhura nusu kikombe. Ana miezi kumi tu.

Mama mkwe aliporudi kutoka shamba akaionja, akaitema. "Mama Zuhura, mbona tamu hii?"

"Si ndiyo vizuri, mama?"

"Vizuri kwa nzi. Uchachu ndio mlinzi wake. Wewe umemwaga mlinzi pamoja na povu."

Nikakimbilia kwa jirani yetu nesi, nikitumaini atamcheka mama mkwe. Hakucheka. Alisema bakteria wa uchachu hutengeneza asidi, na wale wa kuharisha huwa taabani humo. Akanipa pakiti mbili za chumvichumvi za kuchanganya na maji, endapo…

Mama mkwe ameomba togwa iliyochacha kwa jirani mwingine, aanze upya. Ananiambia niache kumpapasa mtoto tumbo, namnyima usingizi. Nimeacha. Sasa namsikiliza tu anavyopumua.