Kipimo cha Nzi

Kariobangi, Alhamisi, Julai 1999

Na bado siwezi kumtazama mama usoni.

Kazini, kwenye maabara ya utafiti, napika uji wa kulisha nzi wa matunda: unga wa mahindi, hamira, sukari. Nzi wazima wakipunguziwa chakula wanakawia kufa. Mimi ndiye huwahesabu, nimeona kwa macho yangu.

Basi nikajiona daktari. Mama ana ugonjwa wa sukari, nikampunguzia ugali nusu bila kuuliza kliniki. Jirani yetu, Mama Awino, alipomletea mandazi nilimfukuza mlangoni kama mbwa.

Leo asubuhi nilimdunga mama sindano yake ya insulini kama kawaida, nikampa uji kidogo, nikaenda zangu. Saa nne akaanguka, jasho linamtiririka, hajui yuko wapi. Mama Awino ndiye aliyemsikia. Akamkalisha, akamnywesha chai yenye sukari tele mpaka akili ikamrudia.

Nesi wa kliniki amenifokea: "Dawa ileile, chakula nusu, ulitarajia nini?"

Kibaya zaidi, tuna chupa nyingine ya nzi ambao insulini yao ina kasoro. Hao wakipunguziwa hivyo wanakufa mapema. Matokeo hayo nimeyaandika kwa mkono wangu mwenyewe, halafu nikaleta nyumbani habari ya wazima tu.

Jioni nimeenda kwa Mama Awino kuomba msamaha. Alikuwa anakaanga mandazi, hata hakugeuka.

"Wewe kapikie nzi wako," akasema. "Mamako niachie mimi."