Dada Akinisubiri Wodini, Mimi Niko Mlimani Nakula Samaki

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na naomba usiwahi kunihukumu, maana kazi hiyo naifanya mwenyewe huu mwezi wa tano na sijapumzika.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, fundi cherehani, na sikuwahi kutoka nje ya nchi hadi mwaka huu dada yangu mkubwa, yule aliyenilea mama yetu alipofariki, alipoambiwa nyonga yake imesagika na lazima akabadilishiwe ng'ambo, na kikao cha familia kikanichagua mimi nimsindikize, kwa kuwa wanangu wameshakua na cherehani halina bosi wa kuombwa ruhusa.

Hospitali ile ndugu walikuwa wanaingia wodini asubuhi kidogo na jioni kidogo, katikati hapo unatolewa nje, basi siku tatu za mwanzo nilishinda kwenye benchi la korido natafuna mkate na kunywa chai ya mashine, hadi siku ya nne mama mmoja mfagiaji akanitazama, akatikisa kichwa, akanishika mkono hadi dirishani na kunionyesha uchochoro uliojaa moshi wa masufuria. Nikaenda. Nikapewa bakuli la supu ya tambi, ina ndimu, ina pilipili, ina majani ambayo hadi leo sijui ni majani gani, nikanywa mpaka nikayaona maua yaliyochorwa chini ya bakuli, na nikajikuta nacheka peke yangu kama mtu aliyepagawa.

Tangu hapo miguu haikushikika. Ikiisha saa ya asubuhi mimi huyo, leo soko la matunda, kesho mtumbwi wa kuvuka mto, keshokutwa jumba la kifalme la zamani ambamo nilisimama mbele ya pazia moja nikakagua mishono yake hadi mlinzi akanisogelea, na jioni dada akiniuliza nilishinda wapi namwambia, "Hapo hapo kwenye benchi, dada." Naye anasema, "Mdogo wangu, unateseka kwa ajili yangu." Nami namrekebishia mto.

Siku ya kumi na moja asubuhi akaniambia, "Leo saa nane wananisimamisha kwa mara ya kwanza, wamesema ndugu anaruhusiwa kuwepo. Naogopa. Uje unishike mkono." Nikamwambia nitakuwepo, na nilimaanisha, ila nikaona saa nane bado mbali, nikapanda mlimani kwa vile vigari vinavyoning'inia kwenye waya, na kule juu kuna mzee anachoma samaki ndani ya majani, unakula huku mji wote uko chini ya miguu yako. Mshauri, sitakudanganya wewe pia. Saa saba niliitazama saa yangu. Muda wa kushuka ulikuwepo. Nikaagiza samaki wa pili.

Nilipomaliza, foleni ya kushuka ilikuwa imezunguka kibanda cha vigari, nikafika wodini saa tisa na nusu. Dada amelala ameelekea ukutani. Mgonjwa wa kitanda cha pili akanieleza kwa ishara: dada aligoma kusimama hadi nije, mtaalamu wa mazoezi akasubiri, akachoka kusubiri, mwishowe dada akasimama huku ameshikwa mkono na binti wa yule mgonjwa, mtu asiyejua hata lugha yetu.

"Ulikuwa wapi?" dada akaniuliza bila kugeuka.

Nikasema, "Nilikuwa chumba cha sala nakuombea. Sikuangalia saa."

Akageuka, akaushika mkono wangu, ule ule wenye mafuta ya samaki, akalia. "Nisamehe," akasema. "Nilikuwa nimekukasirikia."

Tumerudi nyumbani, dada anatembea, na kwenye shughuli ya kushukuru alisimama mbele ya ukoo mzima akasema, "Huyu hakuonja hata chakula cha kule, aliishi kwa mkate, na saa niliyokuwa nasimama yeye alikuwa amepiga magoti." Watu wakapiga makofi, shangazi akajifuta machozi, na sasa wapwa zangu wananiita Mama Sala, hata wateja wameshalidaka hilo jina, na kila nikiitwa masikio yanawaka moto.

Sasa madaktari wanamtaka arudi mwezi ujao wakamwangalie, na amesema hataki mwingine ila mimi. Niliposikia, moyo uliruka kwa furaha, na kitu cha kwanza kilichonijia ni ile supu. Mimi ni mtu gani? Nimwambie ukweli, au ninyamaze nikamtunze vizuri safari hii niwe nimefidia, au nijifanye mgonjwa aende mwingine?

Fundi Mwenye Aibu

JIBU

Fundi, tuanze na supu, kwa sababu hiyo inakunyima usingizi bure. Ulitolewa nje ya wodi, ulikuwa na njaa, ukala. Ukapanda mtumbwi, ukatazama mapazia. Hakuna mgonjwa aliyepona haraka kwa sababu ndugu yake ameshinda na mkate mkavu koridoni, na furaha uliyoipata hukumwibia mtu. Usiniletee tena kesi ya supu.

Kesi yako ni ya saa saba. Uliitazama saa, ukajua, ukaagiza samaki wa pili. Hilo ni kosa, ingawa binadamu wengi wamewahi kulifanya kwa namna yao, na kama ungesema palepale, "Dada, nilikwenda kutembea, nimechelewa, nisamehe," angenuna siku mbili yakaisha. Ulichofanya baadaye ndicho kibaya zaidi. Dada yako alikuwa na hasira ya haki, ukamfanya aione ni dhambi, akakuomba radhi wewe. Tangu siku ile anakushukuru kwa kitu ambacho hakikutokea, nawe unapokea.

Kunyamaza na kumtunza vizuri hakutasaidia. Utambeba mgongoni, naye atazidi kukusifu, nawe utazidi kuungua masikio. Kujifanya mgonjwa ni uongo mwingine, na kwa uongo umeshatosheka.

Fanya hivi. Nenda kwake mkiwa wawili tu, wiki hii, kabla tiketi hazijakatwa. Mwambie ulikuwa wapi, taja mlima, taja samaki, taja na ile saa saba, usiiruke. Usilie kabla yake, maana ukilia ataanza kukubembeleza na mambo yatakuwa yaleyale. Akikasirika, mwache akasirike hadi achoke. Mwambie ile hasira ya wodini ilikuwa haki yake na hakupaswa kuomba radhi. Kisha mwache achague mwenyewe nani amsindikize. Ukoo wala hauhusiki, ila wapwa wakikuita Mama Sala, waambie waache.

Na jambo moja hukuliona katika barua yako yote. Mlikaa nchi moja, lakini wewe tu ndiye uliyesafiri. Yeye aliona dari. Hukumpelekea hata kijiko cha ile supu, kwa kuogopa atakuuliza umeipata wapi. Safari hii ana miguu. Mtu yeyote atakayekwenda naye, amuulize daktari kama anaruhusiwa kutembea mjini, kisha amtoe nje ale.

Jibu hili nilimtumia kabla ya kulichapisha, na mwandishi wa barua akanipigia. Amesema alimweleza dada yake yote jikoni, wakichambua mchicha. Dada aliweka kisu chini, akatoka, na siku nne hakupokea simu. Siku ya tano alikuja mwenyewe hadi chumba cha kushonea, akakataa kiti, akasema, "Nitakwenda na binti yangu. Sitaki kwenda na wewe, na nisingependa tulizungumze jambo hili tena." Alipofika mlangoni akageuka: "Lakini niandikie hizo sehemu zote ulizokwenda. Na uandike vizuri, tusije tukapotea."

Fundi ameniuliza afanye nini sasa. Andika, mama. Anza na uchochoro.