Mabuti Yanayotazama Upande Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Buti si langu. Miaka arobaini na moja nimelificha hilo. Sasa figo zimegoma na sina tena wa kumwogopa.

Asubuhi binti yangu alininyoa, kisha akanisomea kurasa za mwanahistoria wa mavazi — kitabu kizima juu ya buti moja! Mwanzo ni mzuri: buti fupi lenye lastiki ubavuni ni la zamani, lilivaliwa na wapanda farasi huko mbali, baadaye vijana wa muziki wakaligeuza fasheni. Sawa. Halafu ananifikia mimi. Ati "nilithubutu" kuelekeza lastiki zote mbili kushoto: kwenye buti la kushoto iko nje, kwenye la kulia iko ndani, kama miguu miwili inayopigwa na upepo mmoja. Ati ni falsafa.

Nilitapika. Tukasingizia dawa.

Jumanne, 5 Machi

Falsafa! Kila fundi viatu anajua: ukishakata ngozi ya mguu wa kushoto, unageuza karatasi ya kukatia ndipo ukate ya kulia. Mimi, mwenye cheti cha chuo ukutani, sikuigeuza. Jozi mia mbili zikatoka na kosa. Tajiri wa kiwanda alitaka kunila nyama. Wenye maduka wakazigombania. Kosa likawa mtindo. Nikapandishwa cheo, nikaitwa Bwana Buti, nikaitika.

Na kwa nini nilikuwa na karatasi ya kushoto tu? Kwa sababu nilinakili buti moja. La shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, mshonaji wa meza ya tatu. Mguu wake wa kushoto ulivimba baada ya kujifungua. Akapasua buti lake ubavuni, akashonea lastiki ya sketi kuukuu, maisha yakaendelea. La kulia hakuligusa — lilikuwa halina neno. Mchana mmoja alikwenda nyumbani kunyonyesha, na ndala miguuni. Buti lilibaki chini ya cherehani. Nikalibeba ndani ya gazeti.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji amekuja, kama kila mwezi. Akavuta kiti cha plastiki, akaanza kunikata kucha za miguu. Mimi! Akaniambia nimevimba kama mkate uliozidi hamira. "Sasa umenifikia, shemeji," akasema, akacheka peke yake.

Binti alimwamkia vizuri, akaenda chumbani. Nikasikia ufunguo wa kabati ukizunguka. Akija mama yake mdogo, kabati linafungwa, amekuzwa hivyo. Ukoo mzima unajua yule alifukuzwa kiwandani kwa wizi wa ngozi. Shemeji naye aliusikia ufunguo. Mkasi haukusita.

Ripoti ya wizi niliiandika mimi. Kuna zaidi. Leo sina moyo wa kuyaandika.

Ijumaa, 8 Machi

Kesho mwanahistoria anakuja kupiga picha na kuchukua sahihi yangu ya kukiidhinisha kitabu. Jumatatu kitabu kinaingia mtamboni. Nikinyamaza, uongo utapata jalada gumu. Nimemwambia binti amwite mama yake mdogo. Akaniuliza wa nini, picha yenyewe ni ya familia.

Familia. Ptu!

Jumamosi, 9 Machi

Wamenivika jozi ya mabuti yale kwa ajili ya picha. La kulia limegoma kisiginoni: lastiki iko ndani, uvimbe uko nje. La kushoto — mguu umeingia taratibu, lastiki ikaachia, uvimbe ukatulia kama uliopimwa. Mwanahistoria akastaajabu.

"Lilitengenezwa kwa mguu uliovimba," nikamwambia. "Wa huyu hapa." Nikamnyooshea shemeji kidole. Nikasimulia yote: buti moja, lastiki ya sketi, karatasi isiyogeuzwa.

Mwanahistoria akaweka kalamu chini. Binti akacheka cheko la aibu, akamwomba radhi mgeni, ati siku hizi dawa zinampanda baba kichwani. Shemeji ndiye aliyesema, kwa upole, kama anayemhimiza mtoto amalize uji:

"La buti nililijua zamani, shemeji. Nililiona kwenye kioo cha duka wiki ile ile lilipotoka. Sema la mkoba."

Nikavuta daftari. Binti akaamua nipumzike, akampeleka mgeni sebuleni, akaenda kuchota maji. Shemeji hakutoka. Ameketi, mikono juu ya fimbo, ananitazama nikiandika. Hanihimizi tena. Afadhali angenitemea mate.

Nasikia ndala za binti. Anaingia na glasi. Ufunguo wa kabati unaning'inia kidoleni. Nimemwambia asimame hapo hapo asikie, maana nitasoma huku naandika:

Mama yako mdogo alikuwa ameanza kuwauliza wenzake nani kachukua buti lake. Siku ya tatu, alipokwenda kunyonyesha, mkoba wake ulibaki mezani. Ngozi ambayo walinzi waliikuta humo langoni niliitia mimi.